Msimsomee jirani yenu kitabu cha Nahumu

Kwenye mkesha wa mwezi uliopita, ndugu aliyeongoza maombi alifungua kitabu cha nabii Nahumu sura ya 3 akatuambia kila mmoja amweke adui yake mahali pa Ninawi. Watu wakaanza kutaja majina. Bosi aliyemnyima mtu cheo, shemeji aliyeuza kiwanja cha urithi, jirani anayedhaniwa kuwa na jicho baya, wote wakasomewa: "Tazama, mimi ni juu yako, asema Bwana wa majeshi." Mimi nilinyamaza. Tangu usiku ule nimekuwa nikikisoma kitabu hiki upya, sura zake zote tatu, kwa sababu naamini tunakitumia vibaya. Tukikigeuza kuwa cha ugomvi wetu wa mtaani, tunawanyang'anya watu walioonewa kweli kweli andiko ambalo Mungu aliwaandikia wao.

Tuanze na huo mji wenyewe. Ninawi ilikuwa kwenye kingo za mto Hidekeli, ambao leo wengi huuita Tigri, ng'ambo ya Mosul ya sasa, kaskazini mwa Iraki. Mfalme Senakeribu, yule wa 2 Wafalme 18, ndiye aliyeufanya mji mkuu wa dola ya Ashuru. Aliuzungushia kuta za kilomita 12 hivi, akajenga jumba aliloliita lisilo na mfano, akaleta maji kwa mifereji kutoka milimani. Mahali paitwapo Jerwan bado yapo mabaki ya daraja la mawe lililobeba maji hayo juu ya bonde. Ulikuwa mji wa watu wenye akili nyingi. Lakini gharama yake ililipwa na wengine. Taifa dogo liliwekewa kodi ya kila mwaka, fedha, dhahabu, farasi, mifugo. Likichelewa au likigoma, jeshi lilikuja, miji ikachomwa, na watu wakahamishwa kwenda kuishi mbali na makaburi ya baba zao.

Hezekia, mfalme wa Yuda, aliionja kodi hiyo. Biblia inasema alitozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, akalazimika kubandua dhahabu iliyokuwa kwenye milango ya hekalu ili alipe. Senakeribu naye aliandika habari hiyo hiyo kwa upande wake. Alijisifu kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye kuta, akatoa humo watu 200,150, na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu. Hesabu ya dhahabu inalingana na ya Biblia, talanta 30. Ya fedha yeye anasema 800.

Mjukuu wangu anayesoma chuo alinifungulia kwenye simu picha za mawe yaliyochongwa, yaliyotolewa katika jumba lile la Senakeribu. Sasa yako Makumbusho ya Uingereza, London. Yanaonyesha kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda, mwaka 701 kabla ya Kristo. Nilizikuza zile picha mpaka simu ikagoma kuendelea. Kuna gari la kukokotwa na ng'ombe, limepakiwa mizigo ya nyumba nzima, na juu ya mizigo wamekaa wanawake na watoto wadogo. Mbele kidogo watu wawili wamelazwa chini uchi, mikono na miguu imenyooshwa na kufungwa, na askari wanawachuna ngozi. Halafu yupo mfalme kwenye kiti chake cha enzi, na pembeni maandishi yasemayo kwamba Senakeribu, mfalme wa ulimwengu, aliketi na nyara za Lakishi zikapita mbele yake.

Nataka msomaji alishike hili: hakuna nabii aliyechonga picha zile. Hakuna adui wa Ashuru aliyezitunga ili kumpaka matope. Ashuru ilizichonga yenyewe na kuzipanga ukutani nyumbani kwa mfalme kama mapambo. Mjukuu wa Senakeribu, Ashurbanipal, ana picha yake akiwa bustanini, ameegemea kitanda chini ya mzabibu, mkewe ameketi karibu yake, wapiga muziki wanapiga, na kwenye tawi la mti mmoja kimetundikwa kichwa cha Teumman, mfalme wa Elamu. Wanakunywa huku kile kichwa kinaning'inia. Kiburi ambacho Biblia inakisema juu ya mataifa ni hiki. Mtu kujiona anapendeza au kuringia gari jipya ni jambo jingine kabisa. Hapa mtu amefika mahali ambapo maumivu ya mwenzake yamekuwa pambo la sebule, na hakuna aliye karibu naye anayeshtuka.

Ndipo Nahumu anasema: "Ole wa mji wa damu!" Tazameni anavyoorodhesha makosa. Uongo. Unyang'anyi usiokoma. Mizoga isiyo na hesabu. Simba aliyerarua mawindo na kuyajaza mapangoni mwake. Wafanyabiashara walioongezwa kuliko nyota za mbinguni, kisha wakaruka kama nzige. Anaiuliza Ninawi kama ni bora kuliko No-amoni, ule mji mkuu wa Misri ya juu uliozungukwa na maji. Swali hilo lina makali, kwa kuwa aliyeiteka No-amoni mwaka 663 kabla ya Kristo ni Ashuru yenyewe. Nahumu anaiambia: unajua vizuri jinsi mji mkubwa unavyoanguka, maana ulifanya wewe. Katika shitaka lote hilo hamna jicho baya la jirani. Hamna ugomvi wa kiwanja. Ni mashitaka ya dola juu ya mambo yaliyotendwa mchana, yenye mashahidi.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanigusa mimi, mtu wa pamba.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa karani wa ununuzi wa pamba huku Simiyu. Enzi zetu tulitumia mizani ya rula. Furushi linatundikwa kwenye ndoano, karani anasogeza uzito taratibu mpaka rula itulie usawa, anasoma kilo, anaandika risiti. Aliyefanya kazi hii anajua kwamba kidole kikigusa rula kabla haijatulia, kilo zinapotea, na mkulima aliyesimama upande wa furushi haoni kitu. Anajua pia kwamba pamba safi inaweza kuandikwa fifi, bei ya daraja la pili, na mama aliyetembea na furushi kichwani tangu alfajiri hawezi kulirudisha nyumbani. Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na mkubwa aliyetaka kila jioni tuwe na "ziada", yaani pamba iliyo ghalani iwe nzito kuliko ile iliyo kwenye risiti. Hakumwambia mtu yeyote aibe. Alitaka tu ziada iwepo. Waliokataa tulihamishiwa vituo vya mbali, na msimu uliendelea bila sisi.

Ninaposoma kodi ya Ashuru naiona ile ziada. Mfalme aliyeketi Ninawi hakuwa akichukua kondoo wa mtu kwa mkono wake. Alitaka hesabu itimie, gavana akamkamua mfalme mdogo, mfalme mdogo akamkamua mkulima, na kila aliyekuwa katikati alisema anatimiza agizo. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nasi tumezoea kuisoma kama onyo kwa muuza nyanya sokoni. Manabii wanaisoma kwa ukubwa wa mataifa. Danieli 5 inapomwambia mfalme wa Babeli kwamba amepimwa katika mizani akaonekana kupunguka, anayepimwa ni mwenye dola usiku wa karamu yake, vyombo vya hekalu la watu wengine vikiwa midomoni mwa wageni wake.

Kwa hiyo naona ni salama kusema Nahumu ni kitabu cha yule mama wa furushi. Ni cha watu wa Lakishi juu ya lile gari la ng'ombe. Wao ndio wanaohitaji kusikia sura ya 1: "Bwana ni mwema, ni ngome siku ya taabu; naye huwajua hao wamkimbiliao." Mtu aliyeporwa na mwenye nguvu ambaye hakuna mahakama inayomfikia, huyo ana haki ya kulia kwa Mungu kwa maneno makali namna hii, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba anakosa upendo. Sisi wengine, wenye ofisi ndogo, wenye wafanyakazi wa ndani, wenye funguo za ghala, wenye nafasi ya kutia sahihi, tunapaswa kukisikiliza tukiwa upande wa pili wa mizani.

Nchi yetu inajua habari ya pamba na dola. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, chini ya viboko, kwa malipo yasiyofaa hata kutajwa. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliing'oa pamba hiyo shambani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi sana kuliko risasi. Watoto wa vijiji vile, kama kuna aliyewasomea Nahumu, walikisoma kihalali. Je, Ujerumani kushindwa mwaka 1918 na kupoteza makoloni yake ilikuwa hukumu ya Mungu juu ya Nandete? Mimi sina neno la kinabii la kutamka hivyo. Ninachokiamini ni kwamba Mungu wa Nahumu hakuwa amelala mwaka 1905, na kwamba "hatamhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe."

Nasema hivi kwa sababu kila vita ikizuka mahali, kwenye makundi ya WhatsApp hunifikia jumbe zinazotaja taifa fulani kuwa ndilo Ninawi ya leo na taifa jingine kuwa ndiyo fimbo ya Mungu. Ndugu, msomeni Isaya 10 kabla ya kutuma. Mungu anaiita Ashuru fimbo ya hasira yake, na katika sura hiyo hiyo anaahidi kuiadhibu, kwa kuwa ilidhani imefanya kwa nguvu za mkono wake na kwa hekima yake. Shoka halijisifu juu ya anayelitumia. Kuwa fimbo hakumpi mtu kibali. Ashuru haikuwa inamtii Mungu ilipokuwa ikiwachuna watu wa Lakishi.

Babeli nayo ikaingia mtego huo huo. Mwaka 612 kabla ya Kristo, majeshi ya Nabopolassar wa Babeli yakiungana na Wamedi yaliizingira Ninawi kwa miezi mitatu hivi, yakaiteka na kuiteketeza. Mataifa yalipiga makofi, kama Nahumu alivyosema katika mstari wake wa mwisho. Miaka 26 baadaye mwana wa Nabopolassar huyo, Nebukadreza, aliichoma Yerusalemu. Waliopiga makofi walikuwa wamebadilishiwa mwenye kiti tu. Mwaka 539 Babeli nayo ikaangukia mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi. Anayefurahia kuanguka kwa mdhalimu huku akitamani kiti chake, hukumu bado inamhusu.

Tena kuna jambo ambalo sijalisikia likihubiriwa. Kwenye lango moja la Ninawi, lango la Halzi, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mifupa ya watu waliokufa siku ile mji ulipoanguka. Wamelala walipoangukia, juu ya mawe ya njia ya kutokea, na vichwa vya mishale katikati yao. Si askari peke yao. Wamo watoto. Watoto wale hawakumchuna mtu ngozi. Hawakutoza talanta hata moja. Kiburi cha waliokaa kwenye jumba kilifikishwa malipo yake langoni kwa watu waliokuwa wakikimbia. Mtu akinihubiria anguko la Ninawi kwa shangwe, namkumbuka mtoto wa Halzi, na namkumbuka pia Mungu akimwambia Yona chini ya mtango uliokauka kwamba anauhurumia mji ule wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Biblia imeviweka vitabu hivi viwili, Yona na Nahumu, vikiwa vimetenganishwa na Mika tu. Mungu ni yule yule. Aliyewahurumia watoto wa Ninawi ndiye aliyewasikia watoto wa Lakishi, na kwa kuwa anawapenda wote hawezi kuiacha dola iendelee kusaga. Silioni hili kuwa jepesi. Naliamini hivyo lilivyo, bila kulilainisha.

Mwaka 401 kabla ya Kristo, Mgiriki Xenophon alipita hapo na askari wenzake. Aliona ukuta mkubwa usio na watu ndani. Aliuita Mespila na kudhani ulikuwa wa Wamedi. Jina la Ashuru hakulitaja. Jumba lile lisilo na mfano lilibaki chini ya udongo mpaka karne ya 19, alipokuja kulichimbua Mwingereza Layard.

Hata hivyo Ninawi haikubaki bila wana. Kwenye uwanda ule wa Ninawi, vizazi kwa vizazi, wako Wakristo wa mapokeo ya Kisiria, na wengi wao hujiita Waashuru mpaka leo. Kila mwaka, majuma machache kabla ya Kwaresima, hufunga siku tatu wakiikumbuka toba ya Ninawi kwa mahubiri ya Yona. Katika mji wao wa Alqosh, kaskazini mwa Mosul, lipo kaburi ambalo kwa mapokeo ni la Nahumu. Wayahudi walilitunza kwa karne nyingi, na walipoondoka Iraki katikati ya karne ya 20, majirani Wakristo wakaendelea kulitunza. Mwaka 2014 wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliiteka Mosul, wakaandika kwenye nyumba za Wakristo herufi ya Kiarabu ya nuni, ya kwanza katika neno Nasara, yaani Wakristo, na mwezi Agosti watu wa Qaraqosh, mji wa Wakristo kwenye uwanda ule, wakakimbia usiku na watoto mgongoni. Msikiti uliokuwa juu ya kaburi linaloitwa la Yona, mahali Waislamu walipopaheshimu kwa miaka mingi, nao ulilipuliwa na wapiganaji hao hao. Watu wa Ninawi wamekuwa watu wa gari la ng'ombe. Nikiwaza maombi ya kulaani ndani ya ukumbi wenye feni na kipaza sauti, kisha nikiwaza Mkristo wa Qaraqosh akifungua Nahumu kwenye hema la wakimbizi, najua ni nani kati yetu anayeandikiwa.

Alhamisi katika kikundi chetu cha Biblia nimewasomea agizo la mfalme wa Ninawi, Yona 3. Anashuka kwenye kiti chake cha enzi, anavua joho, anavaa gunia, anaketi majivuni. Kisha anataja dhambi yenyewe: kila mtu aiache njia yake mbaya na udhalimu ulio mikononi mwake. Mikononi. Hakuzungumzia mioyo kwa jumla wala pepo wa ukoo. Nikawaambia kwamba mikono hiyo ni pamoja na ya mkulima anayenyunyizia pamba maji na kuchanganya mchanga ili furushi liwe zito, na hapo baadhi wakainama, kwa sababu huku kwetu karani na mkulima wamekuwa wakiibiana miaka mingi, ingawa aliyeshika rula ndiye mwenye nguvu.

Mama mmoja mzee, mjane, ambaye nimempimia pamba tangu mumewe akiwa hai, akanyosha mkono. "Karani," akasema, kwani mpaka leo hawaniiti jina jingine, "huyo mfalme amekaa majivuni, vizuri. Na zile kilo za watu? Nani alizirudisha?" Nikaangalia sura ya 3 na ya 4, nikamwambia Yona hajasema. Akasema basi toba hiyo aisemayo Yona haijamfikia yeye. Watu walikaa kimya, na sikutaka kuufunika ukimya ule kwa wimbo. Tumekubaliana Alhamisi ijayo tusome Luka 19, Zakayo, mtu wa kodi aliyesimama mbele ya watu aliowatoza akasema nitarudisha mara nne. Nimewaalika makarani wawili wa sasa, na nimemwomba mwenyekiti wa chama chetu cha msingi aje na mizani.